Ndama wa Nyasi

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani si ya maziwa wala ya moshi wa jikoni. Ni ya dawa ya josho. Ilikuwa kali na chungu, kama chuma kilicholala mvuani, na ilitufikia kabla hatujaliona josho lenyewe, tukiwa bado tunawashusha ng'ombe kwenye njia iliyopita kati ya mahindi. Iliingia kwenye nywele, ikaingia kwenye blanketi, na siku nyingine nilidhani naionja kwenye ugali. Josho lilikuwa handaki refu la simenti lililojaa maji ya dawa ya kuua kupe. Ng'ombe walitumbukia upande huu wakitoa macho, wakaogelea, wakatokea upande ule wakitiririka. Shamba lilikuwa nje ya Kitale, ng'ambo ya Kibomet, na lilikuwa la mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Kiko kwa sababu ya kiko kisichomtoka mdomoni. Sisi tulikuwa maskwota wake. Baba alimfanyia kazi, naye akaturuhusu tujenge kibanda, tulime kipande chetu, na tulishe ng'ombe wachache kwenye majani yake. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, lakini nilishajua kwamba katika maneno hayo yote neno lenye uzito ni hili moja tu, "wachache".

Ng'ombe wetu wote walitokana na mmoja. Kukhu, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuja kutoka Kabuchai na mtamba mmoja aliyefungwa kamba ya katani, na alipenda kusimulia jinsi mtamba huyo alivyokataa kuvuka mto mpaka alipombembeleza kwa wimbo wa kulaza watoto. Mimi sikumwona huyo mtamba, lakini niliwaona wajukuu na vitukuu wake. Ng'ombe huongezeka kwa namna inayodanganya. Kwa muda mrefu boma linaonekana lile lile: amezaliwa dume, ameuzwa, amezaliwa jike, mmeshukuru, mmoja amekufa kwa homa, mmelia. Kisha yule jike naye anazaa jike, mama yake bado anazaa, bibi yake hajachoka, na asubuhi moja unaondoa miti ya mlango wa boma, ng'ombe wanatoka, wanaendelea kutoka, mpaka unaanza kuogopa. Tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo haisemi kibaba kikishajaa, kinachozidi kinamwagikia wapi.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Watoto pia. Kukhu alisema ukimhesabu aliye hai kwa mdomo, umemwita kifo aje kumalizia hesabu. Baba alimjua kila ng'ombe kwa jina, kwa rangi na kwa tabia ya mama yake, na jioni alisimama mlangoni pa boma akiwatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo angesema, "Wingu yuko wapi?" kabla wa mwisho hajaingia. Lakini ukimwuliza wako wangapi, alijibu, "Wale wale." Hata Barasa, nyapara wa shamba, alikuwa mtu wa kwetu na aliogopa hesabu kama sisi. Bwana Kiko alipotaka ng'ombe wa maskwota wahesabiwe kila mwaka, Barasa alitafuta njia yake. Kwa kila boma alitia punje za mahindi kwenye mfuko wa kushoto wa koti, punje zilizolingana na ruhusa ya boma hilo. Ng'ombe mmoja akitoka joshoni, alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia, midomo ameifunga. Mfuko wa kushoto ukiisha na ng'ombe bado wanatoka, basi kuna waliozidi. Kwa hiyo hakuhesabu ng'ombe hata siku moja. Alihesabu mahindi, na mahindi hayafi.

Ruhusa ya boma letu iliwekwa wakati ng'ombe wetu walikuwa bado wachache kweli, na baba aliweka kidole gumba kwenye karatasi akicheka, kwa kuwa aliona ni nafasi kubwa isiyoweza kujaa. Ruhusa haikukua. Ng'ombe walikua.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mvua njema, na hapo ndipo woga ulipoanzia. Nyasi zilipanda hadi kifuani pangu. Usiku ungeweza kusikia boma zima likicheua. Watu wa mahali pengine wangeimba, lakini kwetu watu wazima walitembea wakitazama matumbo. Ng'ombe wengi wa shamba walikuwa na mimba kwa wakati mmoja, na kila tumbo lililoning'inia lilikuwa kama wingu lenye mvua ya mawe. Ng'ombe wa mtu akizaa, mwenyewe alimfunika ndama majani, hakuwaita majirani. Barasa alikuwa akipita jioni na fimbo yake, akisimama kwenye ua wetu kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Baba Nekesa," alimwambia baba siku moja, "mwaka huu matumbo ni mengi bana."

"Ni nyasi tu. Wameshiba."

"Na hiyo nyasi itazaliwa lini?"

Baba alicheka. Barasa hakucheka. Binti yake, Namalwa, ambaye tulichota naye maji, aliniambia wazi mbele ya wasichana wengine: "Ng'ombe zenu zinazaa kama panya. Ati hata mama yako ameambukizwa!" Wote wakacheka. Mimi nimekuwa mtu wa haya tangu zamani. Neno hunikwama kooni mpaka wenye maneno wameshaenda. Nilijitwika mtungi nikaondoka. Ila ilikuwa kweli kwamba mama alikuwa mjamzito, na kwamba tumbo lake na tumbo la Wingu yalikuwa yakikua sambamba, kama yamefungwa kamba moja.

Wingu alikuwa ng'ombe wa kijivu mwenye nundu iliyolala upande, na ndiye aliyefanana zaidi na yule mtamba wa Kukhu, au ndivyo Kukhu alivyosema wakati macho yake yalikuwa bado yanaona. Maziwa yetu yote mazuri yalitoka kwake. Mtoto aliyetangulia mimba hii ya mama alikufa akiwa mchanga kwa sababu kifua cha mama kilikauka, na wakati huo Wingu hakuwa na maziwa. Hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani, lakini nilimwona mama akisimama kando ya Wingu bila kazi yoyote, mkono wake juu ya mbavu za ng'ombe na mwingine juu ya tumbo lake mwenyewe. Baba alikuwa ameshauza dume na ng'ombe mzee, akauza kwa bei ya hasara, ili boma lilingane na punje. Lililingana. Halikuwa na nafasi hata ya mkia. Mpango wake ulikuwa mmoja: Wingu asizae kabla ya siku ya josho la hesabu. Akizaa baadaye, ndama angefichwa nyuma ya nyumba hadi karantini ifunguliwe, halafu angevushwa kwenda Kabuchai kwa baba mdogo. Wakati huo kulikuwa na ugonjwa wa mifugo, na ng'ombe hakuruhusiwa kutoka shambani kwenda upande wa Bungoma, iliko Kabuchai. Njia pekee iliyokuwa wazi kwa ng'ombe wa skwota ilikuwa ile ya kwenda kwa mchinjaji Kitale mjini.

Siku ya hesabu iliamka na ukungu. Kukhu alikataa kubaki nyumbani. Alisema ng'ombe ni wake na hata kama haoni atawasikia, kwa hiyo nilimshika mkono tukashuka naye taratibu, nikamketisha kwenye jiwe karibu na uzio. Mama alisimama nyuma yetu. Maboma mengine yalipita kwanza. Jirani mmoja alizidisha, na mtamba wake mwekundu akatolewa pembeni akafungwa kwenye nguzo. Mwenyewe aliendelea kusimama akiwa ameshika mdomo kama anayeumwa jino. Kisha zamu yetu. Nilimtazama Barasa mkono. Ng'ombe alitumbukia, akaogelea, akatoka, na mkono ukaenda kushoto, ukaja kulia. Mwingine. Mwingine. Nilijua majina yao wote na nikayasema moyoni walivyotoka, maana jina si hesabu. Wingu alikuwa wa mwisho. Alikataa kutumbukia. Alisimama ukingoni, miguu ya nyuma ameitanua, akipumua kwa sauti, na baba akamsukuma kwa bega kwa upole, akimwambia maneno ambayo mtu humwambia mkewe. Alitumbukia. Alitokea upande wa pili akitetemeka, maji ya dawa yakimchuruzika, na Barasa akatoa punje ya mwisho kutoka mfuko wa kushoto.

"Sawasawa," alisema, na akampungia mkono Bwana Kiko aliyekuwa mbali, kwenye lango la chini, amekaa juu ya farasi wake. Bwana Kiko akageuza farasi kuondoka. Mama alishusha pumzi ambayo nadhani aliizuia msimu mzima.

Na hapo Wingu akalala. Hakwenda mbali na josho, hatua chache tu kwenye matope, akalala ubavu. Baba aliona kwanza. Alivua koti lake, akasimama mbele yake kama mtu anayekojoa, ili amfiche. Barasa naye alikuja upande wa pili, akakunjua kabuti lake. Wanaume hao wawili walisimama na nguo zao wazi kama kuku waliotanua mbawa, na katikati yao ndama akatoka. Nilimwona kwa chini, kati ya miguu yao. Alikuwa wa kijivu. Alikuwa jike.

Kukhu hakuona koti wala kabuti wala farasi. Alisikia tu. Alizisikia zile pumzi za Wingu na ule mkoromo wa mwisho, akasikia kitu kizito chenye maji kikianguka, na ulimi wa ng'ombe ukianza kulamba. Sauti hiyo aliijua kuliko sauti ya jina lake. Uso wake ukafunguka. Kabla mama hajamfikia, Kukhu aliinua kichwa akapiga kigelegele, kirefu, kama alivyopiga kwa kila ndama aliyezaliwa katika boma lake tangu enzi za Kabuchai. Kilipanda juu ya ukungu. Kilipita josho, kikapita mahindi. Barasa alinong'ona, "Kukhu, nyamaza, Kukhu!" lakini kigelegele kikianza hakina breki.

Farasi aligeuka.

"Nyapara! Kelele ya nini?"

"Ngombe nazaa, bwana."

Bwana Kiko alitazama chini kwa muda. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alionekana kama mtu anayetazama mvua.

"Punje?"

Barasa aliutoa nje mfuko wake wa kushoto, ukaning'inia kama ulimi.

"Basi moja iko zaidi. Toa moja. Mimi hapana jali gani." Akaenda.

Kukhu alikuwa bado anatabasamu. "Ni jike, si ndiyo?" aliuliza. "Nekesa, mbona wamenyamaza?" Neno lilikwama, kama kawaida, na nikamsikia akielewa mwenyewe, polepole, kutokana na ukimya wetu.

Toa moja. Kwa siku kadhaa baba alizunguka boma akiwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jina. Akimtoa mkubwa, anampeleka kwa mchinjaji, na nyumba inabaki na pengo. Ndama alikuwa hana jina bado. Nadhani hicho ndicho kilichomhukumu. Baba alifanya kazi hiyo mwenyewe, nyuma ya migomba, mimi nikiwa nimetumwa kuni. Niliporudi, ngozi ndogo ya kijivu ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti. Lakini ng'ombe wetu wa kienyeji hamwachilii mtu maziwa bila kumwona mtoto wake. Wingu alilia siku ile na siku iliyofuata, akabana matiti, na kibuyu kikabaki kikavu. Mama alikitazama kibuyu hicho, akakaa chini. Kukhu akasema, bila kugeuza uso, "Mjazeni nyasi." Ilikuwa ni desturi ya zamani kwa ndama aliyekufa. Hakuna aliyewahi kuitumia kwa ndama aliyeuawa kwa sababu yupo.

Baba alishona ngozi kwa kamba ya katani, akaijaza nyasi kavu, akaipaka chumvi. Haikuwa na macho. Kazi yangu ilikuwa kuisimamisha mbele ya Wingu, asubuhi na jioni, wakati baba akikamua. Wingu aliinusa, akanyamaza, akaanza kuilamba, taratibu, kuanzia shingoni, akitoa ile sauti ya chini ambayo ng'ombe humtolea mtoto wake tu. Maziwa yakashuka. Niliisikia milio yake kwenye kibuyu, nami nilikuwa nimekishika kile kitu chepesi chenye kuchakarisha, nikiona haya mbele ya mnyama. Sikuthubutu kumtazama machoni. Nilitazama chumvi ikiisha kwenye ngozi.

Ndugu yangu Wafula alizaliwa mahindi yakitoa mbelewele. Kifua cha mama kilikauka tena, na maziwa ya Wingu ndiyo yaliyomweka hai. Alipolia mara ya kwanza, Kukhu alikuwa pembeni ya kitanda. Nilimwona akifungua kinywa, kisha akachukua upindo wa shuka akaujaza mdomoni. Hakupiga kigelegele tena hadi alipokufa.

Mvua njema haikomi kwa sababu watu wanaiogopa. Msimu huo na uliofuata ng'ombe waliendelea kuzaa, karantini ikaendelea kufungwa, na punje za Barasa zikabaki zile zile. Madume wakubwa waliuzwa. Ndama majike walizaliwa kimya. Kwenye ukuta wa nyuma wa kibanda, chini ya paa, ngozi ndogo ziliongezeka: ya kijivu, nyekundu, ya madoa, nyeusi yenye nyota, zote zimetuna nyasi, zimening'inia kwa kamba. Upepo ulipovuma ziligusana zikichakarika. Ukitazama boma kutoka njiani, ungesema ng'ombe hawa hawaongezeki wala kupungua. Walioongezeka walikuwa ndani, ukutani, nami nililala miguu yangu ikielekea kwao. Barasa alikuja jioni moja, akachungulia mlangoni, akaona. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti bila kujua.

"Hawa nao niwahamishie punje?" alisema. Ulikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe, na hakurudi kuomba moto.

Mwishowe tulihamia Kabuchai, mkataba ulipoisha na njia ilipofunguliwa. Wingu alivuka mto bila kuimbiwa. Zile ngozi baba alizichoma kabla hatujaondoka, na moshi wake ulinuka nyasi na chumvi.

Sasa nina miaka kumi na saba, na niko shule ya sekondari ya wasichana. Ninaandika haya kwa sababu kusema bado kunanishinda. Muhula uliopita mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alichora ubaoni mstari wa jinsi chachu inavyoongezeka ndani ya chupa ya maji ya sukari. Mstari ulianza karibu na chini, ukajikokota, ukapanda ghafla kama mlima wetu, halafu juu ukalala, ukawa kama tambarare. "Hapa kiumbe amefikia kikomo," alisema, "kwa hiyo idadi yake imetulia." Aliligonga lile eneo tambarare kwa chaki. Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia kitu kikichakarika. Nilitaka kuuliza wale ambao hawaonekani kwenye mstari wametundikwa wapi, lakini mkono haukupanda. Kisha mwalimu, kwa kutaka kutuchangamsha, akauliza kila mmoja wetu yeye na ndugu zake wako wangapi. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Ni wale wale." Darasa zima likacheka.

Likizo hii nimerudi Kabuchai. Shamba ambalo Kukhu alilikumbuka kama pori lisilo na mwisho lina mipaka ya mkonge pande zote. Asubuhi ya juzi baba na baba mdogo walikuwa nje na kamba, wakipima tena vipande vya ardhi vya wana wao, wakibishana juu ya mti wa mpaka. Mama alikuwa ndani, na mkunga naye. Kilio cha mtoto kilipotoka, kamba ilisimama.

"Ni nini?" baba mdogo aliuliza.

"Mvulana," mkunga alijibu kutoka ndani.

Baba mdogo aliitazama kamba mkononi mwake, akatazama mkonge, akamtazama baba. "Mwingine," alisema. "Si tutampandisha juu ya mti?" Baba alisimama kama alivyosimama siku ile joshoni, ila safari hii hakuwa na koti la kufunua.

Nilingoja mtu apige kigelegele. Mkunga alikuwa anaosha mikono. Wake za baba mdogo walikuwa mlangoni pao, wametulia, wanatazama ile kamba. Wafula, ambaye yu hai kwa sababu ya ulimi wa ng'ombe uliodanganywa, aliniangalia mimi. Sijui nilifanyaje. Nilitoka hadi katikati ya ua, mimi ambaye hunikwama hata "hodi", nikainua kichwa, nikapiga. Kilitoka kirefu, kibovu mwanzoni, kisha kikanyooka, kikapanda juu ya mkonge, kikaenda kuelekea barabarani. Ndani nilimsikia mama akicheka au akilia.

Kisha nikanyamaza, nikageukia njia, nikasikiliza kama kuna mtu anakuja, kwa miguu au kwa farasi.